Ati kwa vile napikia nyumbani nipunguze bei?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nitoe la moyoni. Barua ikiwa ndefu katakata utakavyo ila usinikatie pale penye hesabu.

Mimi ni mama wa watoto, naishi Kisauni, huku ndani kupita Mtopanga. Nauza krispi za muhogo, wikendi napiga mahamri ya oda, na Ramadhani ikikaribia naacha yote nashika manda, zile ngozi nyembamba za kufungia sambusa, kwa sababu msimu huo Mombasa nzima yataka sambusa na hakuna mwenye nguvu ya kusukuma manda akiwa na saumu. Duka sina. Jiko ni hili hili la kupikia watoto, meza ni hii hii wanafanyia homuwaki. Na kila siku ya Mungu lazima nipate mtu wa kuniambia "shoga nipunguzie, wewe si wapikia kwako, hulipi duka."

Hasemi kwa ubaya, na hilo ndilo limenifanya niandike, kwa sababu angesema kwa ubaya ningemjibu pale pale mlangoni tukamalizana. Yeye aamini kabisa kwamba kitu kikitoka nyumbani kwa mtu basi kimetoka bure. Na hata hawa wanaofundisha watu biashara siku hizi, kwa redio, kwa semina za mahotelini, wimbo ni ule ule, anza nyumbani, huhitaji mtaji, huhitaji renti, tumia ulicho nacho. Mimi nasema anayesema hivyo hajawahi kuishiwa na gesi mara mbili mwezi mmoja na oda ya watu iko kwenye karai.

Haya tufanye hesabu basi.

Muhogo nanunua soko la Kongowea alfajiri, mwingi watoka Kilifi na Kwale, na muhogo sio kitu cha kununua ukaweka ati utamenya ukipata nafasi. Ukishang'olewa siku mbili tatu tu waanza kupiga mistari myeusi kwa ndani, kwa hivyo ukinunua leo umenye leo, mgeni aje asije, mtoto aumwe asiumwe. Gunia ukishalimenya, maganda na vile vichwa vigumu vyaondoka na sehemu nzuri tu ya pesa yako. Halafu ukate vyembamba, uoshe mpaka ule weupe wa wanga utoke, ukaushe kwa kitambaa, ndio utie kwenye mafuta, na hapo karai linafukuza maji yote yaliyokuwa ndani ya muhogo, ukija kupima krispi zilizotoka hazifiki hata nusu ya uzito ulioubeba kutoka sokoni. Hii watu hawaijui. Mtu amepita soko ameona fungu la muhogo bei rahisi, kisha aona pakiti yangu shilingi 50, ahisi namwibia.

Hiyo pakiti ya 50 naipasua hivi. Muhogo 12. Mafuta 11, na hapo nahesabu mafuta ya kubadilisha maana mimi sikaangii mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, wako wanaofanya hivyo na wanajulikana. Gesi 5. Pakiti na stika yenye namba yangu ya simu 6, na tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 kitu cha kufungia chakula kimekuwa na bei yake, sio kama zamani mwenye duka akutilia mfuko juu ya mfuko bila kufikiri. Pilipili, ndimu na chumvi 2. Maji 1. Jumla 37, imebaki 13, na hiyo 13 bado haijatoa nauli ya Kongowea na mtu wa mkokoteni, haijatoa zile zilizovunjika na zilizoungua ambazo watoto wangu ndio wazila, na haijanilipa mimi niliyesimama mbele ya karai jasho lanitiririka mpaka mgongoni. Sasa wewe waniambia nikuuzie 40. Yaani nibaki na shilingi 3! Na ukichukua pakiti kumi wataka na ya bure juu.

Nikimpigia mtu hesabu hii wengi hunyamaza. Wachache husema "lakini hulipi duka," wanarudi pale pale.

Jamani, nalipa. Nyumba yangu ni vyumba viwili na sebule, chumba kimoja sasa hivi kina madebe ya mafuta, magunia, ndoo za krispi zilizofungwa zisiingie hewa (mvua za masika zikianza krispi zanywa unyevu usiku mmoja tu zalegea, ukimuuzia mtu harudi), na watoto wamehamia kulala sebuleni. Renti ya hicho chumba nailipa kila mwezi kwa landlodi, haina msamaha. Kwa hivyo duka nalipia, tofauti ni kwamba halina ubao nje na linakaa kwenye chumba cha watoto. Na wenye kuishi zile nyumba za Kiswahili za korido wanajua zaidi yangu, mita ya stima moja wapangaji wengi, ukiingiza frija tu keiteka amefika mlangoni akutaka uongeze, ukiwasha jiko la makaa usiku huyu analalamika moshi yule anasema mtoto wake ana pumu, na wote wana haki yao, ndio ujue kwamba hata kugombana na majirani ni gharama.

Maji pale juu nimeandika shilingi 1 na najua mtu wa bara atacheka. Aje akae Kisauni. Maji ya chemchemi za Mzima yanakuja Mombasa kwa bomba tangu miaka ya hamsini, yanatembea zaidi ya kilomita 200 kutoka huko Tsavo, lakini mfereji wa kwetu wafunguka ukitaka wenyewe. Tulio nao ni maji ya kisima, ya chumvi. Kuoshea muhogo yanafaa, kuoshea sufuria yanafaa, lakini kanda unga wa mahamri kwa maji ya kisima uone, hata utie iliki na tui zito namna gani, mwenye kula atajua tu. Kwa hivyo maji matamu ni ya kununua kwa mitungi, mtungi kwa mtungi, na bei ya mtungi yapanda ile siku ambayo kila mtu hana maji, ndiyo siku hiyo hiyo una oda ya hitima ya watu mia.

Na stima. Karai langu ni la gesi kwa hivyo mimi naponea hapo, lakini nina jirani auza ashkrimu za ukwaju na barafu, frija ndio duka lake lote. Ule usiku wa 25 Agosti 2023 giza lilipotanda karibu nchi nzima mpaka kesho yake, alituita sisi na watoto wetu wote tukanywe ashkrimu bure kabla hazijawa maji. Watoto walifurahi kweli kweli. Yeye alikuwa anacheka nasi na huku amekunja uso, kwa sababu sukari ile, ukwaju ule na tokeni zile hakuna wa kumrudishia.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho hata kwenye hesabu yangu sijakiweka na ndicho kikubwa, nacho ni kazi yenyewe, mkono wa mtu. Manda kwa mfano. Watu wazinunua zimekatwa zimepangwa vizuri kwenye pakiti, wadhani mashine. Unga unaukanda mgumu, unakata madonge, unasukuma vidogo, unapaka mafuta na kunyunyizia unga, unavipanga kimoja juu ya kingine, kisha unasukuma vyote kwa pamoja viwe duara moja pana, unaweka juu ya chuma kwenye moto mdogo, na kabla halijapoa unabandua moja moja kwa ncha za vidole, moto ule. Ukichelewa zinashikana, ukivuta kwa haraka zinachanika. Vidole vyangu mwezi huo mwanamume akinipa mkono ashtuka. Halafu uje uambiwe "ni unga na maji tu hizo, mwanangu."

Mamangu mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa mshoni wa kofia za mkono, zile za kutoboa tundu na kuzungushia uzi tundu kwa tundu mpaka ua litokee. Kofia moja nzuri ni kazi ya wiki nyingi, macho yanauma, na yeye alikuwa akishona huku apika, huku alea, huku apokea wageni. Dalali akija anampa alichotaka kumpa, na neno lake lilikuwa hilo hilo, ati wewe bibi uko tu nyumbani umekaa, hii ni ya kupitishia wakati. Kofia zile zile ukizikuta madukani Mji wa Kale bei yake ilikuwa nyingine kabisa. Kwa hivyo watu wasituambie biashara ya nyumbani imekuja na simu. Mombasa hii wanawake wamesomesha watoto kwa mahamri na mbaazi za mlangoni, kwa viazi vya karai, kwa kupaka hina, kwa kusuka, kwa kofia, miaka na miaka, ila kazi yao ilikuwa haihesabiki kwa sababu ilifanyika ndani ya ukuta wa nyumba.

Kilichobadilika ni kwamba tumekuwa wengi. Mizigo ya bandari iliposukumiwa kwenye reli ya SGR, mwaka 2019 watu wakawa wanaandamana kila Jumatatu hapa mjini, gereji na mama ntilie wa Changamwe na Miritini walibaki kutazamana. Ikaja corona mwaka uliofuata, Aprili 2020 Mombasa tukafungiwa hakuna kutoka wala kuingia, Mei wakafunga Mji wa Kale peke yake, na mahoteli ya baharini yakatoa watu nje. Baba watoto alikuwa mpishi wa hoteli, siitaji, walimwambia aende likizo akapumzike kidogo na ile likizo ndio hiyo mpaka leo. Hapo ndipo nilipojua majirani wangu wengi wajua kupika. Kila nyumba ilitoa meza, kila simu ilikuwa na picha za biriani kwenye stetasi. Wengine waliacha mambo yalipofunguka, wengine tukabaki, na wale waliobaki nikiwaangalia ninaowajua, wala sio wanaopika vizuri kuliko wenzao. Kuna dada alikuwa na keki ambazo hata hotelini sijaona, alifunga. Waliobaki ni wale waliothubutu kumwambia ndugu yao bei ni hii.

Maana ndugu ndio mtihani. Kastoma wa mbali akiona bei yako ni kubwa ataenda kwingine, hana maneno. Ndugu haendi kwingine, anakuja na deni. "Niandikie, mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukifika apita njia ya nyuma asikuone, na wewe huwezi kumdai kwa sauti kwa sababu Ijumaa mtakutana kwenye arusi, na mamako atakwambia mwanangu kwa pakiti za krispi hizo wataka kukata undugu? Nilikuwa na daftari la deni, nalo lilikuwa na majina ya ukoo mzima mpaka unaweza kulitumia kugawia mirathi. Sasa sina daftari. Nimeandika kwenye mlango, kwa herufi kubwa, na nimeambia watoto pia wasimpe mtu kitu bila pesa hata akija babu yao. Walinisema sana. Shemeji mmoja alinuna mpaka Idi.

Na hapo kwa pesa, wale mnaoanza nawaomba sana mtenganishe. Pesa ya biashara ikilala kwenye laini moja na pesa ya mchele na nauli ya shule, asubuhi hujui uliuza nini na umekula nini. Kuna Pochi la Biashara kwenye M-Pesa, namba ni yako ile ile lakini pesa ya kastoma inaingia upande wake, ukitaka kula lazima uihamishe kwanza, na huko kuihamisha tu kunakufanya ufikirie mara mbili. Na mtu akikuonyesha meseji kwenye simu yake kwamba ametuma, tazama simu yako, usitazame yake, meseji za kuungaunga ni nyingi na wanaozileta wamevaa vizuri kukushinda.

Mikopo nayo. Huu wa serikali wa Hustler Fund ulipozinduliwa Novemba 2022 watu walisema maneno mengi lakini mimi nilikaa nikapiga hesabu. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, kwa hivyo ukichukua 5,000 ukarudisha ndani ya siku 14 riba yake haifiki hata shilingi 20, ila mkononi utapata 4,750 kwa sababu asilimia 5 inawekwa kama akiba yako. Kwa kununua muhogo na mafuta ni rahisi kuliko zile programu za simu ambazo zinakupigia mpaka mama mkwe. Lakini siku 14 ni siku 14, na mwenye pesa yake kwa daftari la ndugu atazirudisha na nini? Ndio narudi pale pale, mkopo haufi kwa sababu ya riba, wafa kwa sababu ya pakiti za "niandikie".

Nyingine ni delivari. Kastoma aagiza yuko Likoni, mimi niko Kisauni, oda yake ni pakiti nne. Boda akivuka feri analipia pikipiki na hiyo pesa ataiweka kwenye bei yako, mwenye kuvuka kwa miguu halipi. Kwa hivyo oda za Likoni nazikusanya, nazifanya za siku moja, napanda matatu mpaka feri, navuka na kapu langu na watu wanikuta upande wa pili. Mtu ananiuliza kwani siwezi kumletea mpaka mlangoni? Naweza, lipa boda. Ananiambia ile hoteli fulani huleta bure. Hailetwi bure mamangu, imo ndani ya bei ya kuku.

Kuna watu wengine wa nyumbani ambao hawapiki na nawahurumia zaidi, nao ni vijana wa kompyuta. Mpwa wangu afanya kazi ya kusikiliza sauti za watu wa Marekani na kuziandika, alianzia kwenye mafunzo ya Ajira Digital, ule mpango wa serikali ulioanza 2016. New York wako nyuma yetu saa saba au nane kulingana na msimu, kwa hivyo yeye kazi yake ni usiku, mchana alala. Mtaa mzima wajua ni mvivu. Bibi yake, ambaye ndiye mama yangu kwa hivyo nasema kwa heshima, humwamsha saa tatu asubuhi ampeleke dukani kwa sababu "huyu hana kazi." Siku moja yuko katikati ya mahojiano na watu wa huko, amevaa shati na tai juu na kikoi chini, bibi akaingia na bakuli la uji akasimama mbele ya kamera akamwambia kunywa kabla haujapoa. Kazi aliipata lakini, nadhani walipenda uji. Intaneti nayo ina visa vyake, nyaya za baharini ziliingia nchi kavu hapa hapa Mombasa mwaka 2009, sisi ndio mlango wa intaneti ya nchi, lakini Mei 2024 nyaya mbili zilipokatika huko kwa bahari ya Afrika Kusini yeye alikaa siku kadhaa akizungusha laini tatu za simu na bando zake ili asipoteze kastoma, na hizo bando alilipa mwenyewe. Nikamwambia andika hiyo kwenye bei yako. Akaniambia shangazi, wao walipa kwa dakika ya sauti, bando si shida yao. Ndio nikajua hata Marekani wako wanaosema wewe si uko kwako nyumbani.

Sasa nikija kwa serikali, sitaki kulaumu mtu. Kodi watu waiogopa kuliko inavyostahili. Hii kodi ya mauzo ilipandishwa kutoka asilimia 1 kwenda 3 Julai 2023, lakini yaanza kwa mwenye kuuza zaidi ya milioni 1 kwa mwaka, yaani kama 83,000 kila mwezi. Mama wa mahamri ya mlangoni ambaye hajafika huko haimhusu, asikubali kutishwa na mtu yeyote anayekuja na kitambulisho kimefichwa mfukoni.

Shida yangu ni kibali. Nilitaka krispi zangu ziingie supamaketi, na supamaketi wana haki, wataka alama ya KEBS, shirika la viwango, wataka baakodi, wataka cheti cha afya cha mpishi. Cheti cha afya ninacho, twapimwa kila miezi 6 na nakubali, chakula sio mchezo, mtu akiumwa na krispi zako hata kama ni uongo mtaa umekwisha. Lakini ofisi moja niliyokwenda kuuliza mambo ya kibali, swali la kwanza, duka liko wapi? Nikasema napikia nyumbani. Yule kijana akatazama fomu, akanitazama mimi, akasema mama hapa pana nafasi ya namba ya ploti ya biashara, ukiacha wazi mashine haikubali. Akanishauri nitafute mtu mwenye duka nitumie namba yake. Yaani wanataka niseme uongo ili niwe halali.

Na sisemi waturuhusu tupike ovyo. Naelewa afisa wa afya hawezi kuingia kila jiko la Kisauni na Likoni na Mikindani kutazama kama ndoo ina kifuniko, na mimi mwenyewe kuna majiko nimeyaona singekula kitu kilichotoka humo hata kwa bunduki. Kwa hivyo pendekezo langu, na nimeliongea na wenzangu wa manda, wa mabuyu na wa keki, wote wamelikubali, ni hili: tupatiwe jiko la pamoja. Soko kama Kongowea, au hata majengo ya kaunti ambayo yamekaa tu mapaka yazalia humo, pawe na ukumbi mmoja una maji matamu, sinki za maana, sakafu ya kuosheka, karai kubwa na tanuri, na afisa wa afya apakague hapo mara moja badala ya kuhangaika na majiko elfu. Sisi tulipe kwa saa. Mimi nichukue alfajiri mpaka saa nne nikaange zangu niondoke, wa keki aingie mchana, wa manda wagombanie Shaabani. Na namba ya ploti iwe ni ya hilo jiko, tuandike sote kwenye ile fomu ya kijana.

Najua mtu atasema basi hapo utakuwa walipa duka na bei itapanda. Itapanda ndio. Kwa hesabu yangu kama saa itakuwa shilingi 200 na nikakaanga pakiti 40 ndani ya saa, hiyo ni shilingi 5 kwa pakiti, na chumba cha watoto nitakuwa nimekirudisha kwa watoto, kwa hivyo pakiti ya 50 itakuwa 55 na nitakuwa na alama ya kuingilia supamaketi. Saa ikizidi 200 mimi sitaweza na wenzangu wengi hawataweza, tusije tukajengewa jiko zuri likapewa wenye makampuni.

Mhariri, kama kuna afisa wa biashara au wa afya anayesoma gazeti lako, naomba atujibu kwenye ukurasa huu huu, sio kwa mkutano wa hotelini ambao sisi hatualikwi. Atuambie jiko hilo lawezekana au haliwezekani, na kama haliwezekani basi ile nafasi ya namba ya ploti tuijaze nini.

Mama Krispi,
Kisauni, Mombasa